Nyanya asibaki nje ya picha: Chagua lenzi pana bila kumaliza mfuko

NI Jumapili alasiri. Jamaa wamefika kutoka mashambani na kutoka mitaa yote ya Nairobi kwa ajili ya posa ya dada yako. Fleti yenu iko ghorofa ya nne, hapa Kileleshwa, na sebule imejaa hadi mlangoni. Wewe ndiwe mwenye kamera, kwa hivyo kazi ya picha imekuangukia. Unawaambia wasogeleane. Unarudi nyuma hatua moja, ya pili, halafu mgongo unagonga kabati la televisheni. Unachungulia kwenye kamera. Mjomba mmoja amekatwa bega, na nyanya, aliyeketi pembeni kabisa ili asimsumbue mtu, haonekani ila goti lake na mkono ulioshika bakora.

Unapiga hivyo hivyo, kwa sababu chai inapoa na wageni wanataka kuondoka kabla matatu hazijapandisha nauli. Jioni nyanya anarudi Murang'a. Utaweza kununua kamera nyingine siku moja, lakini alasiri ile huwezi kuinunua tena.

Ikiwa jambo hili limewahi kukupata, basi bila shaka mtu amekwisha kukuambia: "Nunua lenzi pana." Ushauri huo huenda ukawa mzuri, na huenda pia ukakupotezea karo ya muhula mzima. Kabla hujapanda gari kwenda mjini kutafuta lenzi, hebu keti na karatasi, kalamu na futi ya fundi cherehani. Chombo cha kwanza cha kununulia lenzi ni futi.

Bustani zilikokwenda

Wakazi wa tangu zamani watakuambia kwamba tatizo hili halikuwako. Kileleshwa ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za wafanyakazi wa serikali. Mtu aliyetaka picha ya jamaa wote aliwatoa nje, akarudi nyuma hatua kumi juu ya nyasi, akapiga. Tangu miaka ya 2000 fleti zimechukua mahali pa nyumba nyingi za aina hiyo, na aliyekuwa na bustani ya kurudi nyuma sasa ana roshani yenye ndoo na kamba ya nguo.

Hiyo ndiyo sababu lenzi pana inatakiwa leo na watu ambao wazazi wao hawakuijua kamwe. Lenzi hiyo inashika mahali pa zile hatua kumi ulizonyimwa na ukuta. Haiwezi kuongeza mwanga chumbani, wala haiwezi kumfanya mpiga picha hodari mtu asiyejua kupanga watu.

Hesabu ya dakika mbili

Kila lenzi imeandikwa nambari ya milimita. Nambari ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana; ikiwa kubwa, huona eneo jembamba na kuvuta vitu vya mbali. Lenzi ambayo huuzwa pamoja na kamera nyingi za dijitali za wanafunzi na familia huandikwa 18-55mm. Maana yake ni kwamba inaweza kupanuka hadi 18 na kuvuta hadi 55.

Sasa pima kutoka mahali utakaposimama hadi mahali watu watakapokaa. Ondoa upana wa makochi na kabati, usidanganywe na urefu wa chumba chote. Katika sebule ya mita nne, mara nyingi utabakiwa na mita mbili na nusu. Zidisha umbali huo kwa 22 ikiwa kamera yako ni Canon ya kawaida, au kwa 23 na nusu ikiwa ni Nikon, Sony au Fujifilm za daraja hilo. Gawa jibu kwa milimita za lenzi. Utapata upana wa eneo litakaloingia katika picha, kwa mita.

Tuchukue mfano wa Canon kwa umbali wa mita mbili na nusu. Kwa milimita 18, upana ni mita 3 hivi. Kwa milimita 14, ni karibu mita 4. Kwa milimita 10, ni mita 5 na nusu. Mtu mzima aliyesogeleana na mwenzake huhitaji nusu mita. Kwa hivyo lenzi ya 18 uliyo nayo tayari inaingiza watu sita katika mstari mmoja, ile ya 14 wanane, na ile ya 10 kumi na mmoja.

Umeona jambo hapo? Jamaa kumi na watano waliokushinda siku ile ya posa wangeweza kupangwa mistari mitatu ya watu watano watano: watoto chini kwenye zulia, wazee kwenye viti, vijana wamesimama nyuma. Mstari wa watu watano ni mita mbili na nusu tu. Wangeingia wote kwa lenzi ile ile uliyokuwa nayo mkononi. Kilichokosekana siku hiyo ni mpango.

Ndiyo maana nakusihi upime kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika jambo hili daftari linaweza kukuambia usinunue chochote.

Jaribu bure kwanza

Ikiwa hesabu imekuonyesha kwamba kweli nafasi haitoshi, bado usifungue mkoba. Simu nyingi za siku hizi zina kamera ya pili iliyo pana sana, ile inayowashwa kwa kubonyeza alama ya 0.5. Upana wake unakaribiana na wa lenzi ya milimita 8 au 9 kwenye kamera yako. Azima simu ya namna hiyo kwa ndugu au rafiki, upige nayo picha sebuleni kwa wiki moja.

Utajifunza mambo mawili. La kwanza, utajua kama upana huo unaupenda ama ulikuwa ukiutamani tu. La pili, utaona kasoro yake: mtu aliye ukingoni mwa picha hupanuka kama aliyevutwa kwa mkono. Kasoro hiyo iko katika kila lenzi pana ya kawaida, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kwenye lenzi ya milimita 10, kichwa kilicho ukingoni kabisa huvutwa kikawa kipana karibu mara moja na nusu. Kwa milimita 18 kinavutwa kidogo tu, kama sehemu moja kwa sita. Ukimweka nyanya pembeni kwa lenzi ya 10, hatabaki nje ya picha tena, lakini huenda asikusamehe kwa sura uliyompa.

Mtego wa nambari

Ukiingia katika maduka ya kamera katikati ya jiji, au ukitazama matangazo ya vitu vilivyotumika, utakutana na lenzi za zamani za 28mm na 24mm zinazosifiwa kuwa pana. Muuzaji hasemi uongo. Zilikuwa pana kweli katika enzi ya filamu, kwa sababu kipande cha filamu kilikuwa na ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Sensa ya kamera nyingi za bei nafuu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo kuliko filamu hiyo. Inakata kingo za kile ambacho lenzi inaona.

Ili ujue lenzi itakuwaje kwenye kamera yako ukilinganisha na enzi ya filamu, zidisha milimita zake kwa 1.6 kwa Canon, au 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm za sensa ndogo. Lenzi ya 28 kwenye Canon inakuwa kama ya 45. Hiyo haina upana wowote wa kujivunia, na ni nyembamba kuliko 18 uliyo nayo nyumbani. Kumbuka kanuni hii moja hata ukisahau nyingine zote: ikiwa kamera yako ina sensa ndogo na tayari una 18-55, lenzi yoyote isiyoshuka chini ya 18 haikuongezei upana.

Mtego wa pili ni vile vioo vinavyofungwa kwa skrubu mbele ya lenzi yako ili "kuipanua". Bei yake huvutia kila mwanafunzi. Lakini kona za picha hufifia, na nyuso za walio pembeni huwa kama zimeonwa kupitia chupa. Weka pesa hizo akiba.

Zipi za kutafuta

Kwa wenye kamera za Canon za sensa ndogo zenye kioo ndani, kama vile EOS 700D, lenzi ya kutafuta ni EF-S 10-18mm. Ilitolewa mwaka wa 2014 kwa bei ya dola 300 hivi za Marekani, wakati ambapo ndugu yake mkubwa wa 10-22mm alikuwa akiuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni nyepesi na ina kituliza mtikisiko wa mkono. Siku hizi hupatikana ikiwa imetumika. Wenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo, kama R50 na R10, wana RF-S 10-18mm ya mwaka wa 2023.

Kwa Nikon, iko AF-P DX 10-20mm ya mwaka wa 2017, nayo ilianza kwa bei ya dola 300 na kitu. Hapa tahadhari, msomaji. Lenzi hiyo haifanyi kazi na kamera za Nikon za zamani kidogo. Ukiwa na D3100 au D3200, ambazo wanafunzi wengi huzinunua zikiwa zimetumika, haitaweza kulenga. Ukiwa na D3400, D3500 au D5600, haina shida.

Lenzi nyingine inayosifiwa ni Tokina 11-16mm f/2.8, iliyotoka mwaka wa 2008. Nambari ile ya f ikiwa ndogo, lenzi huingiza mwanga mwingi, kwa hivyo hii ni nzuri kwa sebule zenye taa hafifu na kwa karamu za usiku. Lakini ile ya kwanza ya Nikon haina mota ndani yake, na kamera za Nikon za D3000 na D5000 na wadogo zao hazina mota pia. Utalazimika kulenga kwa mkono, huku watoto wakikimbia. Uliza kama ni toleo la pili, ambalo lina mota.

Wenye Sony wa mfuko mdogo wanaweza kutafuta ile ndogo nyembamba ya 16mm f/2.8 ya mwaka wa 2010. Kwa mita mbili na nusu inaona upana wa karibu mita 3 na sentimita 70. Kona zake hazina ukali sana, lakini kwa picha za familia wengi hawatalitambua hilo. Tena ziko lenzi za kulenga kwa mkono kutoka China, kama za 7Artisans na TTArtisan, ambazo bei yake ni ya chini. Kwa picha za majengo na mandhari zinafaa sana, maana jengo halikimbii. Kwa picha za watoto zitakujaribu subira.

Na ikiwa unahitaji upana mara mbili tu kwa mwaka, kwa harusi na kwa Krismasi, basi kodi. Yako maduka jijini yanayokodisha lenzi kwa siku. Uliza mapema wanataka dhamana gani, kisha linganisha gharama ya kukodi mara nne na bei ya kununua.

Siku ya kununua

Nenda mchana, uende na kamera yako mwenyewe, betri iliyojaa na kadi tupu. Muuzaji asiyekubali ujaribu lenzi, mwambie ahsante na utoke.

Kwanza, ishike lenzi dhidi ya mwanga na umulike ndani kwa tochi ya simu. Vumbi kidogo halina neno. Lakini ukiona utando mwembamba kama wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo huendelea kula kioo taratibu. Usiinunue hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Pili, zungusha pete zake. Zinapaswa kwenda laini bila kukwama wala kutoa sauti ya mchanga. Tazama vidoti vya shaba nyuma kama vimekwaruzwa kupita kiasi.

Tatu, tafuta ukuta wenye matofali au ukurasa mzima wa gazeti uliobandikwa. Simama sawasawa mbele yake, piga kwa upana wote, kwanza kwa f ndogo kabisa na kisha kwa f/8. Kuza picha kwenye kioo cha kamera na ulinganishe kona zote nne. Kona zote zikififia sawa kwa f ndogo kisha zikanoa kwa f/8, hiyo ni kawaida. Kona moja ikiwa mbovu peke yake kwa zote mbili, lenzi hiyo ilianguka sakafuni siku moja na mwenyewe hakukuambia.

Nne, dai risiti iliyoandikwa nambari ya lenzi na muda wa garanti, hata kama ni wiki mbili tu. Ukiamua kuagiza kutoka ng'ambo, usilinganishe bei ya huko na ya hapa kabla ya kuongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Mara nyingi tofauti uliyoishangilia huyeyukia bandarini.

Ukifika nayo nyumbani, iweke katika mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Baridi ya Julai na mvua za Aprili ndizo zinazopanda kuvu ndani ya makabati yetu.

Kazi mbili zaidi

Wanafunzi wa usanifu majengo na wapenda picha wataitaka lenzi hii nje pia. Chukua mfano wa jumba la KICC, lenye urefu wa mita 105. Ukiinua kamera juu ili uliingize lote, kuta zitaonekana kama zinaanguka nyuma. Dawa yake ni kuisimamisha kamera wima na kuiweka sawa bila kuiinua. Kwa milimita 18 itabidi usimame umbali wa mita 170 hivi ili kilele kiingie. Kwa milimita 10 mita 95 zinatosha. Nyumbani mna Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, ambamo utafanyia mazoezi ya miti mirefu bila kupanda gari. Ila Ikulu ni jirani yake, na sehemu zinazolindwa kisheria si za kupigwa picha. Elekeza kamera kwenye miti.

Kazi ya pili ni ya pesa. Vijana wengi hupata kibarua cha kupiga picha za fleti zinazokodishwa. Lenzi ya 10 hufanya chumba cha kulala kionekane kama ukumbi, na mpangaji akifika hukuta kitanda hakiachi nafasi ya kufungua kabati. Ukiitiwa kazi hiyo, tumia milimita 14 hadi 18, shika kamera kimo cha kifua, na umwombe mwenye nyumba aandike vipimo vya chumba. Nawe unayetafuta nyumba, hesabu vigae vya sakafuni katika picha, ufikapo upime kigae kimoja. Kuta zinaweza kusukumwa na lenzi, lakini idadi ya vigae haibadiliki.

Turudi sebuleni

Basi jamaa watakapokutana tena, fanya hivi. Panga mistari mitatu kabla ya kushika kamera. Ipinde mistari kidogo kama mwezi mchanga, walio pembeni wakisogea mbele yako kidogo, na uache nafasi ya nusu mita tupu kila upande ili asivutwe mtu. Weka kamera kimo cha nyuso za waliokaa, sawa bila kuinamisha, juu ya kigoda au rundo la vitabu ikiwa huna kiti cha miguu mitatu. Washa kihesabu cha sekunde kumi ili nawe uingie. Tumia upana unaotosha tu: ikiwa 14 inatosha, usiende 10. Piga mara tano, maana daima kuna anayefumba macho.

Na nyanya? Mtoe kule pembeni anakojificha. Mkalishe katikati ya mstari wa katikati, mahali ambapo lenzi yoyote, ya bei yoyote, haipotoi uso wa mtu. Kisha nenda ukaichapishe picha hiyo kwenye karatasi, uipeleke Murang'a. Simu yake haina nafasi, na ukutani kwake misumari ipo.